Kuosha gari jeusi bila kulikwaruza

Nilipolinunua gari langu jeusi hapa Dar es Salaam, nilikuwa nikilipeleka kila Jumamosi kwa vijana waoshao magari mtaani, nalo lilirudi likimeta, hadi asubuhi moja jua lilipolipiga boneti kwa ubavu nikaona mistari myembamba isiyohesabika, imetanda kama utando wa buibui. Kwa kweli mikwaruzo hiyo huelekea kila upande, ila jicho huiona vizuri zaidi ile inayokingama na mwanga, ndiyo maana huonekana kama duara kuzunguka mwanga, na duara hilo huhama kila unapohama.

Kwa vijana wale, tambara lililofuta rimu ndilo lililofuta milango, na likianguka chini liliokotwa na kurudishwa kwenye boneti. Juu ya rangi kuna klia, tabaka angavu lenye unene wa mikroni 40 au 50 hivi, jembamba kuliko unywele, na chembe moja ya mchanga ikiburutwa hapo huacha alama.

Siku hizi naosha mwenyewe, kivulini, kabla bodi haijapata joto (si chini ya mwembe, kwani utomvu na ndege wana madhara yao). Naanza na rimu, kwa brashi yake yenyewe. Kisha, kabla sijaigusa rangi, namwaga maji mengi kwa mpira kuanzia paani kushuka, ili mchanga uondoke wenyewe. Natumia ndoo mbili: moja ina shampuu ya gari, ambayo huteleza na haiondoi nta kama ifanyavyo sabuni ya unga, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila baada ya sehemu moja. Glavu ya mikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, naipendelea kuliko sponji, kwa sababu nyuzi zake huivuta chembe ndani, ilhali sponji huibana kati yake na rangi. Sehemu za chini za milango na bampa huja mwisho, kwa kuwa ndizo zilizobeba tope.

Kukausha si jambo la hiari, hasa kwa sisi tunaotumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo yakijikaukia huacha madoa meupe. Nasuuza kwa mpira usio na kichwa ili maji yateremke kwa pamoja, kisha nalaza taulo kubwa la mikrofaiba na kulikandamiza taratibu, bila kusugua. Fulana kuukuu, pamoja na mishono yake, nimeiachia jikoni. Taulo hizo hufuliwa peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwani huziba nyuzi zisinywe maji.

Lililobaki ni mlinzi wetu, mzee mwema ambaye kila alfajiri hupangusa vumbi la gari kwa kitambaa kikavu, kabla sijaamka. Nimemwomba kwa heshima, mara mbili sasa, aanzie kwenye tairi na kuishia hapo hapo.