Daftari la Shangazi na Makadirio ya Serikali

Juma lililopita, mwezi mmoja tangu nirudi Tanga baada ya miaka 14 ya kuishi London, nilikaa barazani Ngamiani na shangazi yangu tukipitia ahadi za harusi ya binti yake. Kamati ilikwisha kupanga matumizi kana kwamba kila ahadi ni fedha taslimu. Shangazi, ambaye si mwenyekiti wala mweka hazina, alishika penseli akapita jina moja moja, akiandika pembeni kiasi anachoamini kitafika: huyu kaachishwa kazi, huyu hutoa nusu, yule huongeza. Jumla ikashuka kwa theluthi, na oda ya ukumbi ikapunguzwa kabla shilingi haijatoka.

“Mwanangu,” akaniambia, “ahadi haipiki pilau.”

Penseli ya namna hiyo ndiyo ninayoitamani katika bajeti ya taifa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, aliyewekwa na ibara ya 143 ya Katiba, hukagua fedha zikishatumika. Lakini makadirio ya mapato huandaliwa upande wa Serikali, yaani na yule yule anayetaka kuyatumia. Kamati ya Bajeti ya Bunge huyahoji, nami naiheshimu kazi hiyo, ila wajumbe wake wengi ni wa chama kinachounda serikali.

Uingereza iliunda mwaka 2010, na kuipa sheria mwaka 2011, ofisi huru inayokadiria mapato, deni na mwenendo wa uchumi badala ya Wizara ya Fedha. Thamani yake niliiona iliporukwa. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wa fedha alitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 bila makadirio ya ofisi hiyo. Katika siku chache pauni ikaporomoka, na Benki Kuu ikalazimika kununua hati fungani za serikali ili kunusuru mifuko ya pensheni. Ofisi hiyo nayo hukosea, lakini huchapisha tathmini ya makosa yake, na haimwelekezi waziri sera ya kufuata.

Kwetu nasi naomba iundwe ofisi ya namna hiyo: mkuu wake asiteuliwe wala kuondolewa bila ridhaa ya kamati ya Bunge, kama ilivyo kule, na taarifa yake itoke kwa Kiswahili kabla ya hotuba ya bajeti ya Juni, ili shangazi naye aipitie kwa penseli yake.