Lifti Ilipofunga Milango

Mkesha wa Krismasi ya 2020 nilitoka kazini saa tano kasoro usiku, mikono ikinuka mafuta ya kuku. Nilikuwa mwanafunzi Saitama, jirani na Tokyo, na zile saa 28 kwa wiki ambazo mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi Japani nilizimalizia kwenye konbini, yale maduka yasiyofungwa usiku wala mchana. Krismasi kule si siku ya mapumziko. Ni jioni ya wapenzi, ya kuku wa kukaanga na keki nyeupe ya krimu iliyopambwa kwa stroberi. Kutwa nzima nilikuwa natia kuku kwenye mifuko ya karatasi na kuinamisha kichwa nyuma ya pazia la plastiki.

Tangu Aprili, serikali ilipotangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona, sikuwa nimeshikana mkono na mtu. Hata chenji dukani kwetu haikutolewa mkononi. Iliwekwa kwenye kisahani, mteja akaichukua mwenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kwa kupeana mikono hata na mtu tuliyeachana naye asubuhi. Miezi minane ya kisahani ilinikausha.

Zamu zangu nyingi nilikuwa na mama mmoja wa miaka sitini na kitu. Mbele za watu nilimwita kwa jina la ukoo kama wafanyavyo wenyeji, ila moyoni nilimwita Mama, na hapa nitamwita hivyo. Mwezi wa Oktoba, tukipanga soda kwenye friji, aliniuliza kama naangalia Cherry Magic, tamthilia ya kituo cha TV Tokyo. Akanisimulia palepale. Adachi, karani wa kampuni ya vifaa vya kuandikia, anatimiza miaka 30 hajawahi kulala na mtu, na tangu siku hiyo kila akimgusa mtu anayasikia mawazo ya mtu huyo. Siku moja kwenye lifti iliyojaa anabanwa na Kurosawa, kijana wa mauzo anayesifiwa ofisi nzima, na anausikia moyo wa Kurosawa ukimtamani yeye, Adachi. Wanaume wawili. Mama alilisema bila kushusha sauti. Mimi nilikotoka jambo hilo halisemwi dukani, basi niliendelea kupanga soda kimya. Lakini Alhamisi nikawasha televisheni.

Ratiba iliandika Alhamisi, saa 25:00. Nilidhani wamekosea kuchapa. Mama akanifafanulia kwamba watu wa televisheni huendelea kuhesabu baada ya saa 24, kwa kuwa mtazamaji hajalala na siku yake haijaisha. Kumbe ni saa saba yetu ya usiku. Nikamwambia kwetu tunasema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Alilipenda sana neno hilo la kuamkia.

Kijapani changu wakati huo kilikuwa cha darasani. Mtu akiniambia hakuna neno, sikujua kama lipo au halipo. Nilishaamua kwamba watu wale ni baridi, na mimi nitamaliza masomo yangu niende zangu. Sasa huyu Kurosawa, aliyeigizwa na Machida Keita, mdomoni anatoa salamu ya kawaida tu ya asubuhi, uso umetulia kama maji ya mtungini, na ndani moyo unaruka na kupiga kelele kwa sababu nywele za Adachi zimesimama kisogoni. Nilianza kuwatazama wateja wangu upya. Yule mzee wa kila alfajiri anayenunua kahawa na kuinamisha kichwa kidogo, nani ajuaye ndani mna nini?

Sehemu ya 11 ilituumiza. Adachi alitoboa siri yake, na Kurosawa, kwa upole uliozidi, akauliza kama ni afadhali waachane. Wiki hiyo tulipanga soda kama watu walio msibani.

Ya mwisho, iliyoangukia usiku uleule wa mkesha wa Krismasi, tulikubaliana kuiangalia pamoja kwa simu, kila mtu chumbani kwake. Niliweka simu mezani, spika wazi, kando ya kipande cha keki nilichokinunua kwa nusu bei. Sauti ya televisheni yake ilinifikia ikiwa imechelewa kidogo, hivyo kila neno nililisikia mara mbili, kwangu kisha kwake. Juu ya paa la jengo, usiku wa Krismasi, wawili wakakutana tena. Fataki zikapaa. Kurosawa akatoa kalamu badala ya pete, na nikamsikia Mama akivuta pumzi.

Baadaye uwezo wa Adachi ukatoweka, naye hakuulilia. Mwisho kabisa wamesimama kwenye lifti, nyuso zinakaribiana, na milango inajifunga.

Wapo waliokasirika kwa kunyimwa busu lile, na nawaelewa, maana wangekuwa mwanamume na mwanamke sidhani kama mlango ungefungwa. Lakini mimi niliona ni haki. Siri ilianzia kwenye lifti, na sisi tuliokaa wiki kumi na mbili tukisikiliza mioyo ya watu bila ruhusa, ilifaa tubaki nje.

Simu ilikaa kimya muda mrefu. Kisha Mama akaanza kunieleza habari za marehemu mumewe. Kila asubuhi ya baridi kali alikuwa akitoka mapema kumkwangulia barafu kwenye kioo cha gari, miaka na miaka, bila neno.

"Nilidhani analipenda gari," alisema.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia *otsukaresama*, ambayo wao huagana nayo wakimaliza kazi na ambayo kwetu ni pole na kazi kabisa, naye akanijibu hivyohivyo, sauti imekwama puani.

Jumamosi tulikuwa zamu moja. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Akachomoa mfukoni kifuko cha kupashia joto, vile vidogo wanavyotembea navyo majira hayo, akavua glavu, akaupita ule mkono wangu uliokuwa tayari umesukuma kisahani kwa mazoea, akaushika wa pili, akakiweka kiganjani na kuvifumba vidole vyangu juu yake.