Usiku Nilipokaa Katika Safu ya Janger

Katika mwaka niliosoma Kiindonesia kisiwani Bali, nilipanga chumba kwa familia moja katika kijiji cha wilaya ya Gianyar. Kijana wa nyumba hiyo ndiye aliyenipeleka usiku mmoja kwenye bale banjar, ukumbi usio na kuta ambamo wakazi wa kitongoji hufanyia mikutano yao, nikatazame mazoezi ya janger, ngoma ya vijana ya kuimba na kucheza. Umoja wa vijana ulikuwa ukijiandaa kwa odalan, sikukuu ya hekalu lao ambayo, kwa kalenda ya Kibali, hurejea kila baada ya siku 210.

Nilijua tayari kwamba janger ilishamiri miaka ya 1920 na 1930, na kwamba mizizi yake imo katika nyimbo za kupokezana za sanghyang, ngoma ya kupandisha roho. Nisichokuwa nimekielewa ni ukaaji wake. Wasichana hupiga magoti katika safu mbili zinazotazamana, wavulana, ambao huitwa kecak, hukaa katika safu mbili nyingine, na wote kwa pamoja hufanya mraba, hivi kwamba anayeimba humwimbia mwenzake wa upande wa pili, na mtazamaji hubaki nje kama jirani anayesikiliza furaha ya nyumba nyingine. Wasichana huimba polepole huku macho yakiruka ghafla pembeni, mwendo uitwao seledet. Wavulana hujibu kwa mkupuo wa sauti kali za "cak, cak", mabega yakitikisika. Katikati ya mraba huigizwa kisa, mara nyingi cha Arjuna, shujaa wa utenzi wa Mahabharata, akijaribiwa na mabinti wa mbinguni, lakini kwa maoni yangu moyo wa janger haumo katika kisa hicho. Umo katika ule wito na majibu yake.

Usiku ule kijana mmoja hakufika. "Bli, kaa hapa," waliniambia, wakiniita kaka kwa Kibali, nami nikakaa. Jirani yangu alinionyesha vazi litakaloshonwa kwa ajili ya onyesho, lenye mapambo ya mabegani kama ya maofisa wa kijeshi, na masharubu yatakayochorwa kwa wino mweusi. Nilimkumbuka babu yangu wa Tanga, aliyetusimulia jinsi vijana wa beni walivyovaa sare na kujipa vyeo vya jeshi la wakoloni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Bali sikujihisi mgeni.

Wasichana walifundishwa na bibi mmoja mzee, ambaye sote tulimwita Dadong. Tulipopumzika alianza kuimba peke yake wimbo ambao hakuna kijana aliyeujua, na mpiga kendang, ile ngoma ya mkono, akaufuata kwa vidole tu, taratibu. Alipomaliza alieleza kwamba aliuimba akiwa msichana, zamani zile vyama vya siasa vilipokuwa na vikundi vyao vya janger, mrengo wa kushoto na wapinzani wao vilevile, na nyimbo za mapenzi zikatiwa maneno ya kampeni. Kisha yakaja mauaji ya walioshukiwa kuwa wakomunisti, yaliyoanza mwishoni mwa 1965, ambayo inakadiriwa yaliua watu wapatao 80,000 katika kisiwa hicho pekee, na kikundi ulichoimbia jana kikaweza kuwa sababu ya kuchukuliwa usiku. Dadong hakusema kikundi chake kilikuwa cha upande gani, wala hakuna aliyemuuliza. Alisema tu kwamba safu yao ya wavulana haikujaa tena.

Msichana mmoja alimwomba amwandikie maneno ya wimbo ule. Dadong alitikisa kichwa, akamrekebisha kiwiko kilichokuwa kimeshuka, akawaamuru waanze upya wimbo wa zoezi. Kendang ikalia. Wasichana wakaimba wakitutazama, na zamu yetu ilipofika nilijibu "cak" pamoja na wenzangu kwa pumzi yangu yote.