Kubadilisha maji ya tangi la samaki bila kubeba ndoo

Tangi langu la lita 400, lililopo sebuleni Dar es Salaam, lina samaki wa Ziwa Tanganyika wa jenasi ya Tropheus. Huko ziwani samaki hawa hukaa kwenye miamba ya kando wakila mwani, lakini wakifugwa inabidi wawekwe wengi pamoja, kwa sababu wakiwa wachache mbabe mmoja huwaandama wenzake mpaka wafe. Wingi huo ndio unaoleta kazi. Samaki hutoa amonia. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, na hapo mambo hukwama, kwa kuwa chujio la kawaida haliiondoi naitreti. Hujilimbikiza siku hadi siku mpaka itolewe pamoja na maji yenyewe.

Kabla ya kununua hata bomba moja, nilifanya hesabu. Tuchukulie kwamba samaki huongeza miligramu 2 za naitreti katika kila lita kwa siku. Mfugaji anayebadilisha nusu ya maji kila wiki atajikuta kiwango kinapanda mpaka miligramu 28, kinashuka mpaka 14, kisha kinaanza kupanda tena, wiki nenda wiki rudi. Anayeingiza asilimia 10 kila siku kidogo kidogo atatulia kwenye miligramu 20 hivi. Wastani wao unakaribiana, ila samaki wa huyu wa pili hawamwagiwi ghafla nusu tangi ya maji yenye joto na kemikali tofauti na yale waliyoyazoea. Tofauti nyingine ni ya bili: njia ya matone hutumia lita 280 kwa wiki badala ya 200, kwa sababu sehemu ya maji mapya hutoka pamoja na ya zamani. Kwa mwezi ni lita 1,200, yaani yuniti moja na kidogo. Kwangu hiyo si gharama ya kuninyima usingizi, hasa kwa kuwa maji yanayotoka huishia kwenye tuta la mchicha, ambako naitreti ni mbolea.

Wengi wanaopanga mfumo wa namna hii huanza na mahali maji yanapoingia. Mimi nashauri kuanza na mahali yanapotokea, kwa sababu vali, taima na pampu vyote huweza kuharibika, ilhali tundu kwenye kioo halihitaji umeme wala uangalizi mwingi. Fundi wa vioo hutoboa kioo cha nyuma kwa keekee ya almasi huku akimwagia maji, tangi likiwa tupu, na tundu likiwa mbali na ukingo kwa umbali usiopungua upana wake. Ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba kioo si cha aina iliyoimarishwa kwa joto, kwa maana hicho kikiguswa na keekee hupasuka chote vipande vipande. Hapo huwekwa kiungio chenye raba, kisha bomba la inchi moja linaloteremka moja kwa moja hadi nje ya ukuta bila kupanda popote. Wapo wanaokwepa kutoboa kwa kuning'iniza bomba lililopindwa juu ya ukingo wa tangi, livute maji lenyewe. Njia hiyo hufanya kazi mpaka siku hewa itakapojikusanya kwenye kipindo, na siku hiyo sebule itafurika. Nilichagua kutoboa, tena matundu mawili, la pili likiwa juu kidogo ya la kwanza, ili konokono au jani likiziba la chini maji yapate njia nyingine.

Kwa upande wa kuingiza, kiini cha mfumo ni pipa la lita 40 lililowekwa kwenye rafu imara juu ya tangi. Saa sita mchana taima hufungua vali kwa muda wa saa moja, pipa hujaa kutoka kwenye simtanki, na boya hufunga maji yakifika juu. Baada ya hapo pipa hujimwaga polepole ndani ya tangi kupitia kikoki kidogo, na kabla ya mchana wa kesho huwa limekwisha. Faida yake ni kwamba pipa lenyewe ndilo kipimo: kikoki kikipitisha haraka au polepole kidogo, kwa siku zitaingia lita 40 zilezile. Mimi nimekirekebisha kijaze chupa ya nusu lita kwa dakika kumi hivi pipa likiwa limejaa, nikijua kwamba mwendo utapungua kadiri maji yanavyoshuka. Vali ikikwama wazi, boya litazuia. Boya likikwama, pipa nalo lina bomba lake la kumwaga nje. Ili samaki wadhurike itabidi vitu kadhaa viharibike siku moja.

Vali inahitaji uangalifu kuliko wauzaji wanavyodokeza. Vali za umeme za mashine za kufulia, ambazo ni rahisi kupatikana, huhitaji presha ya kutosha ili zifunguke na kufunga sawasawa, kwa kawaida isiyopungua ile inayotokana na kimo cha mita 2 za maji. Simtanki likiwa juu ya mnara wa mita 3, na pipa likiwa kwenye rafu ya mita 2, kinachobaki ni mita 1 tu. Ndiyo maana nilitafuta vali inayozungushwa na mota, ambayo haijali presha, na ya aina inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Taima iwe ya kidijitali yenye betri, kwa sababu ile ya kuzungusha kwa mkono husimama kila umeme unapokatika, na baada ya wiki yenye mgao mchana wake huwa usiku.

Klorini ndiyo inayoua haraka. Maji ya bomba yaliyolala kwenye simtanki hupoteza sehemu yake, lakini sipendi kutegemea hilo, kwa kuwa wakati wa tishio la kipindupindu dozi inaweza kuongezwa. Kati ya simtanki na pipa nimeweka chujio la kaboni, na kwa kuwa lita 40 hupita kwa muda mrefu badala ya dakika mbili, kaboni hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Maji ya pipa huyapima kila mwezi kwa vipimo vya mabwawa ya kuogelea. Rangi ikionekana, hata hafifu, kaboni hubadilishwa siku hiyohiyo. Mfuniko wa pipa nao ubane, na bomba lake la kumwaga liwe na wavu, la sivyo utakuwa umewafugia mbu wa dengi ndani ya nyumba.

Kabla ya kuingiza samaki, fungulia mpira wa bustani ndani ya tangi kwa nguvu zake zote, uone kama tundu moja linatosha kuyatoa maji yote. Kisha lizibe kwa kiganja, ujaribu la pili. Zima umeme wakati pipa linajazwa, halafu urudishe. Mfumo ukipita majaribio hayo, kinachobaki mikononi ni kufyonza kinyesi kilichotuama chini ya mawe, kusugua wavu wa tundu la kutokea, na kufuta kioo cha mbele. Miamba ya nyuma usiiguse, maana mwani ulioota huko ni chakula cha samaki hawa.