Nusu kaputi, ganzi, na usiku unaofuata

Nimetolewa vinyama vya puani mara mbili hapa Dodoma: kwanza kwa nusu kaputi, na miaka sita baadaye kwa ganzi, maana vinyama hivi vina tabia ya kurudi. Kila ndugu huniuliza kama iliuma. Mimi kilichonitesa ni usiku.

Mara ya kwanza niliingia chumba cha upasuaji saa nane mchana. Nilipozinduka, koo lilikuwa linawasha kwa ule mpira wa kupumulia, na pua zote mbili zimezibwa kwa bandeji. Nikasinzia tena mpaka jua likazama. Dada yangu akawaambia wageni, "Mwacheni apumzike." Saa nne usiku macho yakafunguka kabisa. Kila nilipoanza kupitiwa, mdomo ulijifunga, pumzi ikakatika, nikashtuka. Ilikuwa Julai, na anayeishi huku anaujua upepo wa Julai, baridi na vumbi pamoja. Hata kumeza mlenda kulikuwa kazi, masikio yalikuwa yanaziba kila tonge. Nilisikia adhana ya alfajiri nikiwa nimekaa kitandani.

Usiku wa tatu nililala, lakini kwa ndoto nzito mfululizo, nikadhani nina homa. Baadaye nilielezwa kwamba baada ya oparesheni, hasa mtu akipewa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, ile sehemu ya usingizi yenye ndoto hupungua, na mwili huja kuifidia usiku wa siku zinazofuata.

Ndiyo maana mara ya pili nilimwambia daktari wa usingizi, yule anayetoa nusu kaputi na ganzi, "Daktari, naomba tuzungumzie usiku." Akavuta kiti akakaa. Namshukuru mpaka leo kwa kile kiti.

Alinieleza kwamba nusu kaputi si ya namna moja. Kuna ya kuvuta hewa yenye dawa, na kuna ya kupitisha dawa ya usingizi iitwayo propofoli kwenye mshipa mwanzo hadi mwisho, ambayo kwa kawaida haiachi kichefuchefu kingi. Akaniambia pia kwamba deksamethasoni, sindano inayotolewa kuzuia kutapika na uvimbe, inaweza kumkesha mtu. Ganzi haimfai kila mgonjwa. Vinyama vikiwa vimeingia ndani sana, au mtu akiwa na hofu kubwa, nusu kaputi ni salama zaidi, kwa sababu damu ya pua hushukia kooni na ule mpira hulinda njia ya hewa. Akaniuliza kama nakoroma mpaka pumzi inasimama. Swali hilo lijibiwe kweli, jamani, kwani dawa za kutuliza na za jamii ya mofini zinaweza kumpunguzia mtu kama huyo pumzi akiwa amelala.

Vyangu vilikuwa vichache, upande mmoja tu. Akakubali ganzi ya lignokaini na dawa kidogo ya kunituliza. Nikaomba niwe wa kwanza asubuhi. Nilisikia kuvutwa na kukwaruzwa, maumivu hapana. Kufika adhuhuri nilikuwa nimekaa kivulini nakunywa uji, na sikulala mchana. Paracetamol nilimeza kwa saa zilizopangwa, sikungoja ganzi iishe. Aspirini nilikatazwa kwa ajili ya damu.

Jioni nikapanga mito mitatu, nikapaka mafuta ya mgando midomoni, nikatundika khanga mbichi mbili karibu na kitanda ili hewa isinikaushe koo. Nililala saa nne, nikaamka saa tisa kunywa maji, nikalala tena.

Siwezi kuipa ganzi sifa yote. Pua moja ilikuwa wazi, na zile khanga zilisaidia sana. Lakini kutosinzia mchana kutwa naamini ndiko kuliniokoa zaidi, na hilo lilitokana na ganzi na ile zamu ya asubuhi.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Usiku ule nililala mdomo umefumba.