Siku ya Kulala kwa Amri

Shuleni Tanga waliniita Pono. Nililala darasani, nililala kwenye daladala nikapitishwa kituo, na nilipohamia Uingereza nikalala mikutanoni, bosi akinitazama. Hatimaye daktari wangu wa mtaani alinipa karatasi yenye hali 8: ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria garini na mengineyo. Kila moja unajipa alama, 0 hadi 3, jinsi unavyoweza kusinzia. Ukizidi 10, kuna jambo. Mimi niliikaribia 24, ambayo ndiyo mwisho wake. Nikaandikiwa rufaa.

Kwanza nilivaa kifaa cha mkononi, kithibitishe kwamba nyumbani nalala vya kutosha. Mtu anayekesha atasinzia tu mchana, na hapo hakuna cha kupima. Kisha nikalala hospitali, waya kichwani, kando ya macho, kidevuni na kifuani. Usiku ule walitaka kujua kama pumzi inakatika usingizini. Haikukatika.

Mtihani wenyewe ulianza asubuhi. Unapewa nafasi 5 za kulala, moja kila baada ya saa 2. Taa zinazimwa, sauti inakuambia tulia, fumba macho, jaribu kulala. Dakika 20 zikipita hujalala, wanakuamsha uendelee na siku yako. Ukilala, wanakuacha dakika 15 zaidi waone kama utaingia kwenye usingizi wa ndoto, ambao kwa watu wengi huchukua zaidi ya saa nzima kufika. Mimi taa zilizimwa tu, nikawa Tanga, marehemu babu ananikaripia kwa kuacha mlango wazi. Mtaalamu akauliza, "Umelala?" Nikasema sidhani. Akatabasamu.

Tabu ilikuwa katikati ya nafasi hizo. Kahawa marufuku, chai ya rangi marufuku, kujilaza hata kidogo marufuku. Nilizungukazunguka koridoni waya zikining'inia, nikikaa tu, muuguzi huyo hapo: "Usilale!" Nimegombezwa miaka yote kwa kulala, lakini kugombezwa na watu walioniita nije kulala, hilo lilikuwa geni.

Kwa narkolepsi, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana, wanatafuta wastani wa kupata usingizi usiozidi dakika 8, na ndoto za mapema angalau mara 2. Wastani wangu haukufika hata dakika 3, na ndoto zilikuwepo tele.

Nilimpigia mama.

"Shikamoo mama. Si uvivu, ni ugonjwa. Umo ubongoni."

"Marahaba. Nani kasema uvivu?"

Nikanyamaza kwa heshima.

"Dawa ipo?"

"Ya kuniweka macho mchana ipo. Ya kuuondoa kabisa hakuna."

"Basi meza hiyo iliyopo. Na gari?"

Nikamwambia nimeshawaarifu wahusika wa leseni, na siendeshi mpaka daktari aridhike.

"Afadhali," akasema. "Mimi kila ulipopakia watoto nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy."