Nilivyoinasa hamira ikisimamisha kazi

Ukiinyima hamira glukosi, ndani ya dakika moja utengenezaji wa protini karibu wote unasimama. Kulisoma hilo ni rahisi. Kulionyesha maabara, nilipokuwa nafanya utafiti wa uzamili, ndiko kulikonitoa jasho, kwa sababu kuvuna seli kwenyewe ni kuzinyima chakula. Mpaka sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili seli zizame chini) isimame na umwage maji ya juu, hata zile zilizoshiba zimeshaona njaa.

Basi sentrifuji nikaiweka mwisho. Seli nilizichuja kwa pampu ya kuvuta, nikakitumbukiza kichujio kwenye maji ya kukuzia yasiyo na glukosi. Kundi la kulinganishia nalo nililichuja vilevile, ila likarudi kwenye glukosi; hatua hii wengi huiruka, na kwangu mimi jaribio lisilo nayo halina uzito. Kisha nikatia saikloheksimaidi moja kwa moja kwenye chupa (vaa glavu, ni sumu). Dawa hiyo huzigandisha ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, pale zilipo juu ya mRNA, nakala ya maagizo ya jeni. Nikamimina kwenye barafu iliyopondwa, na hapo ndipo sentrifuji ikaruhusiwa.

Zilizobaki ni kazi za kawaida: kupasua seli kwa shanga za kioo kwenye baridi, kuzungusha utomvu wake kwa kasi kubwa ndani ya mrija wa sukrosi ya asilimia 10 hadi 50, halafu kuupitisha polepole mbele ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, ambao RNA ya ribosomu huufyonza, ili kupata mchoro wa ribosomu zilivyopangika. Kwa seli zilizoshiba, mchoro ulipanda kwenye 40S na 60S (vipande viwili vya ribosomu) na 80S (ribosomu nzima moja), ukafuatiwa na vilima vya polisomu, yaani mRNA zilizobeba ribosomu mbili, tatu, nne na kuendelea. Kwa zenye njaa, vilima vilifutika na 80S ikachomoza kama mnara. Niliporudisha glukosi, vilirudi baada ya dakika chache.

Nilidhani kimeng'enya cha Gcn2 ndicho kinachofunga breki. Lakini hamira isiyo na jeni yake nayo ilisimama ilipokosa glukosi. Gcn2 inahusika zaidi na upungufu wa asidi amino, matofali ya protini: huhisi tRNA (wabebaji wa asidi amino) zisizo na mzigo, ikabandika fosfeti kwenye eIF2, protini inayosaidia kuanzisha utengenezaji, protini nyingi zikapungua huku Gcn4, inayoamsha jeni za kutengeneza asidi amino, ikiongezeka. Nilipozuia utengenezaji wa histidini, mojawapo ya asidi amino, kwa dawa ya aminotriazoli, hamira isiyo na Gcn2 haikupunguza mwendo. Kwenye sahani zenye dawa hiyohiyo, ndiyo iliyoshindwa kuota, kwa kuwa haikuweza kuongeza Gcn4.